Uzoefu wangu wa kuagiza IST kutoka Japani: kodi niliijua, wakala sikumjua

Ninaandika haya nikiwa nimepoa kiasi, kwa sababu mke wangu alinikataza kuandika lolote siku ile niliyorudi kutoka Dar es Salaam. Gari lenyewe, Toyota IST ya mwaka 2008, limeegeshwa hapa nje, Nkuhungu, likiwa limeshashika rangi ya vumbi la Dodoma, na sina neno baya juu yake. Neno baya ninalo juu ya wakala wa forodha niliyemkabidhi nyaraka zake, na zaidi juu ya binti wa mapokezi katika ofisi ya wakala huyo, ingawa juu ya binti nitajisahihisha mbele.

Kwanza niwaondoe lawamani wasiohusika. Kodi iliniuma, lakini haikunishtua. Kikokotoo cha magari yaliyotumika kilichopo kwenye tovuti ya TRA, mamlaka ya mapato, kilinipa hesabu kabla sijatuma fedha Japani: ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa asilimia 5 kwa injini ya ukubwa ule, asilimia 30 nyingine tunayoiita uchakavu kwa kuwa gari limezidi miaka 10, kisha VAT ya asilimia 18 inayokaa juu ya hayo yote. Ukijumlisha unakuta umenunua gari lako karibu mara mbili. Sawa; niliambiwa mapema, nikakubali.

Wakala ndiye hakuniambia kitu. Mwagizaji wa kawaida hawezi kwenda mwenyewe kulitoa gari bandarini. Lazima apitie wakala mwenye leseni, kwa hiyo ukishamkabidhi bahasha yako umejikabidhi na wewe. Huyu wangu alikuwa na kauli tamu kuliko halua. Meli ilipotia nanga nilimpigia, akasema, "Usiwe na shaka, mzee wangu, lipo kwenye mchakato." Nilipopiga tena, mfumo ulikuwa haufanyi kazi. Nilipopiga mara ya tatu, ilikuwa zamu ya wakaguzi wa TBS, shirika la viwango, kulaumiwa. Kila simu iliisha kwa kunitakia baraka, na wakati tukibarikiana, siku za bure za kuhifadhi gari zilikwisha na tozo ya stoo ikaanza kupanda kila kulipokucha.

Nikapanda treni ya SGR alfajiri. Treni ile ina kasoro moja tu: inakufikisha Dar es Salaam hasira ikiwa bado ya moto, ilhali kwa basi ningekuwa nimeshachoka tangu Chalinze. Ofisini nilimkuta binti anamenya chungwa juu ya rundo la mafaili. Hakuniamkia. Mimi ni mtu wa umri wa baba yake, nimesimama mbele yake na mvi zangu, na neno la kwanza lililomtoka lilikuwa, "Mzee, unafuatilia lipi?" Nilipomweleza akacheka kidogo, akasema, "Gari lenyewe la uchakavu, haraka ya nini?"

Sijui nilijizuia vipi. Niliazimia palepale kwamba nikifika nyumbani nitaiandika ofisi hiyo hadi ifungwe.

Kisha akafuta mikono, akavuta bahasha ya kaki yenye jina langu na kuifungua mbele yangu. Hati ya Kijapani ya kusafirishia gari ilikuwa bado ina mikunjo ileile iliyotoka nayo kwangu. "Halijaguswa," akasema. "Hela uliyomtumia bosi ya delivari oda, ile ruhusa ya wakala wa meli ya kulitoa gari, haijafika kwa wakala huyo, na bila delivari oda hakuna kinachosogea hapa." Mfumo ulikuwa mzima, na TBS hawakuwa na habari na mimi.

Bosi alipoingia alinipokea kwa mikono miwili, "mzee wangu" zikiwa nyingi kuliko hewa ya chumba. Fedha ya delivari oda ililipwa siku ileile, na gari likatoka kabla wiki haijaisha. Tozo ya stoo nililipa mimi, kwa maelezo kwamba ni "utaratibu wa bandari".

Nilitaka kuipa ofisi ile alama sifuri kwa sababu ya binti. Leo sifuri naiacha palepale, ila namwekea bosi. Binti hana adabu, na hilo silifuti, kwa maana shikamoo hailipiwi ushuru. Lakini ndani ya majuma yote yale yeye peke yake ndiye aliyeniambia kweli, tena bila kuulizwa mara mbili.

Gari linakwenda vizuri. Kila nikiliwasha, mwanamke mmoja ndani ya dashibodi ananisemesha Kijapani kwa heshima kubwa. Jirani yangu, ambaye naye anasubiri gari lake, ameniomba namba ya wakala. Nimempa ya binti, nikamtahadharisha asitarajie kuamkiwa.