LibriVox kwa anayetaka kusoma vitabu vya mababa wa Kanisa kwa sauti

LibriVox, tovuti ya vitabu vya kusikiliza, ilianzishwa mwaka 2005 na Hugh McGuire wa Montreal. Wanaojitolea husoma vitabu vya zamani, na yeyote hupakua rekodi bure. Kwa mwenye hamu ya kumsoma Augustino au Athanasio, ni mahali pazuri, ila ujue wanabana wapi na wanalegeza wapi.

Wanabana kwanza kwenye hakimiliki. Augustino alifariki mwaka 430, kwa hiyo wengi hudhani hakuna tatizo. Kinachoangaliwa ni tafsiri. Maungamo yake kwa Kiingereza cha Pusey, cha 1838, yanapita. Kitabu cha Athanasio juu ya Neno kufanyika mwili, katika tafsiri ya 1944, hakipiti: wanafuata sheria ya Marekani, na miaka 95 tangu kuchapishwa haijatimia. Anza na ukurasa wa hakimiliki, maikrofoni baadaye.

Kisha faili. MP3 ya kilobiti 128, kilohezi 44.1, mono (mkondo mmoja wa sauti), sauti karibu desibeli 89, na kimya cha sekunde 5 mwishoni. Kabla ya hapo unatuma jaribio la dakika moja. Audacity, programu ya bure ya kurekodi, inatosha kabisa. Kinachosumbua ni chumba. Ukirekodi kwa sauti ndogo halafu ukaikuza ifike 89, mvumo wa friji nao unakua. Hapo watu hukimbilia kichujio cha kelele, wanakikaza mno, na sauti inatoka kama mtu anayeongea ndani ya pipa la maji. Afadhali mdomo uwe shubiri moja kutoka kwenye maikrofoni, pembeni kidogo ili "p" na "b" zisipulize. Chaja ya laptopu ichomolewe, maana umeme wetu huleta mvumo wa hezi 50. Chini ya bati mvua ikianza, zima tu.

Vitabu vya teolojia vina mtego wao. "Rom. v. 12" katika chapa za zamani ni Warumi sura ya 5, aya ya 12, msomaji asiyezoea namba za Kirumi huisoma ile "v" kama aya ("verse"). Tanbihi pia: kubaliana mapema na msimamizi wa kitabu kama zitasomwa, usiokoteze baadhi.

Wanapolegeza ni kwenye usomaji wenyewe. Mkaguzi hutafuta maneno yaliyorukwa au kurudiwa na kelele. Lafudhi yako haimhusu. Kwa msomaji ni raha, kwa msikilizaji si sana: kitabu kilichogawanywa kwa wasomaji wengi hubadilisha sauti kila sura, na hoja ndefu kama ya Mji wa Mungu wa Augustino, wenye vitabu 22, inakatika njiani. Ukitaka kusikiliza, tafuta kilichosomwa na mtu mmoja.

Na rekodi yako inakuwa mali ya umma. Mtu anaweza kuiuza au kuipachika matangazo bila kukuomba wala kukutaja. Mchungaji anayetaka sauti yake ibaki ya usharika, au anayetaka kuchomeka maelezo yake katikati ya Augustino, airekodi kwingine. Hapa husomwa neno kwa neno.