TAHADHARI: Diski za msasa "seramiki" za inchi 9 zinazouzwa nusu bei, nimeumia nazo, msinunue

Wadau wa visu naombeni mnisikilize kabla hamjalipia oda. Kuna muuzaji anazunguka mtandaoni na diski za msasa za inchi 9, zimeshakatwa duara, nyuma zina gundi, unabandua karatasi unabandika kwenye sahani inayozunguka ya mashine ya kusaga unaanza kazi. Picha zake ni nzuri, msasa mwekundu umeiva, kaandika chembe zake ni seramiki, namba kuanzia 60 mpaka 800 (namba ndogo ndo chembe kubwa, namba kubwa ndo laini), na bei ni kama nusu ya ile tuliyoizoea. Jina la duka silitaji, ameshalibadilisha mara mbili tangu nianze kumdai, kwahiyo jina halitakusaidia kitu, shika dalili.

Mi nilichukua pakiti nne, 120, 220, 400 na 800. Ile 120 ilikata vizuri kama dakika moja nikafurahi kabisa, alafu ikafa. Haikati tena, inasugua tu. Mnaijua ile hali, unajikuta unakandamiza kisu zaidi na zaidi, sauti ya mashine inakuwa nzito, cheche zinapungua na joto linapanda. Kisu chenyewe nilikuwa nimeshakikaza kwa moto na mafuta, nikakirudisha kwenye oveni nyuzi 200 ili kisiwe chepesi kuvunjika, kilichobaki ilikuwa kusafisha ubapa tu. Nikahisi vidole vinaungua, nikakitoa haraka kuangalia, kwenye ncha kuna utando wa bluu wa upana wa ukucha.

Kwa mgeni wa kazi hii, bluu hiyo siyo doa. Ni chuma kinakwambia kimefika karibu nyuzi 300, na hapo ule ugumu ulioutafuta kwenye moto umeshaondoka. Ukiipitisha msasa rangi inatoka lakini chuma cha chini yake kinabaki laini, makali hayatakaa. Kisu cha wiki nzima kikarudi kwenye moto kuanza upya.

Nikachukua kioo cha kukuzia nikaukagua ule msasa. Vichwa vya chembe vimesagika bapa vinang'aa, hakuna hata moja iliyovunjika. Sasa seramiki ya kweli ukiikandamiza chembe zake zinameguka vipande vidogo vidogo, na kila inapomeguka inatoa kona mpya kali, ndo maana inavumilia chuma kigumu na ndo maana tunailipia zaidi. Na ule wekundu msiuamini hata kidogo, rangi iko kwenye gundi ya juu siyo kwenye chembe, kiwanda chochote kinaweka rangi kinayotaka, na tapeli naye anaweka hiyohiyo.

Ila kilichonichoma moyo zaidi ni ile 400. Nimetoka 220 na mistari iko safi imelala upande mmoja, nabandika 400 ili niifute, napitisha mara tatu, namwaga maji naangalia kwenye mwanga, kumbe nimeongeza mikwaruzo! Mirefu, mingine ina kina kabisa kama mtu kaburuta msumari. Maana yake 400 yake ilikuwa na chembe kubwa kuliko 220 na juu ya hapo chembe zimechanganywa, kubwa na ndogo kwenye karatasi moja, na chembe moja kubwa inatosha kuharibu ubapa wote.

Nikamtumia picha. Akajibu, "Bosi wangu hiyo ni namba ya Marekani siyo ya Ulaya, ndo maana unaona tofauti." Hapa muwe makini maana mtu asiyejua atakubali yaishe. Ni kweli kuna mifumo miwili. Ule wa Ulaya una herufi P mbele, P400 chembe zake ni maikroni 35 hivi (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Ule wa Marekani hauna P, na 400 yake ni maikroni 23 hivi, yaani ni LAINI zaidi, inakaribiana na P800. Sasa kama kweli angekuwa ananiuzia namba ya Marekani ubapa wangu ungetoka laini kuliko nilivyotarajia, siyo kukwaruzwa. Nilipomwandikia hivyo akanibloki, hapohapo.

Gundi nayo. Sahani ikiwa ya baridi inashika kama kawaida, ukifanya kazi dakika kumi sahani ikapata moto gundi inakuwa kama lami, diski inaanza kuteleza taratibu, ukingo unachungulia nje ya sahani. Yangu ilinasa kwenye ncha ya kisu ikachanika ikaruka, kipande kikanipiga shavuni chini kidogo ya miwani. Mashine ilikuwa inazunguka mara 1800 kwa dakika, na kwa sahani ya inchi 9 ukingo wake unakwenda zaidi ya kilomita 75 kwa saa. Miwani ndo iliyoniokoa jicho, na kwamba nilikuwa nafanyia kazi ule upande wa sahani unaoshuka huku makali yakiangalia chini kule diski inakokwenda, ningekuwa nimeyageuza kuukabili mzunguko kisu chenyewe kingeruka pia.

Baada ya hapo nikaitia ile 800 kwenye beseni la maji, maana kaandika inafaa kwa maji. Msasa wa maji wa kweli, ule mweusi wa silikoni kabaidi, unalala kwenye maji saa nzima na ukiutoa bado unakunjika bila kumwaga kitu. Wake nusu saa tu karatasi imekuwa uji na chini ya beseni kumetulia tope la chembe. Nilipitisha kidole kwenye msasa uliobaki, laini kama bahasha.

Kwahiyo ukipokea mzigo kutoka kwa yeyote yule, hata mimi nikikuuzia, kabla hujabandika geuza nyuma usome. Msasa wa maana una maandishi yamechapwa kwenye mgongo wenyewe, namba ipo na kama ni P imeandikwa P, siyo stika ya pakiti tu. Wangu mgongo ulikuwa mweupe kabisa, hapo ndipo nilipokosea, niliona nikapuuza. Ukunje taratibu kwenye pembe, chembe zikimwagika kama chumvi rudisha. Usikie uzito wa karatasi, zinapangwa kwa herufi A mpaka F, A ndo nyepesi kabisa, na kwa namba za chembe kubwa kama 60 au 80 ukipewa karatasi nyepesi ya A ujue itachanika siku hiyohiyo. Kama juu una vumbi jeupe kama poda, huo ni wa mbao na rangi, ile poda ni ya kuzuia uchafu wa mbao usigande, kwenye chuma cha moto haina kazi. Alafu jaribu kwenye kipande cha chuma chakavu, usianze na kisu cha mteja. Fanya mistari ya 220 kulalia upande mmoja, weka 400 kukatisha, kama baada ya kupitisha kidogo unaona mikwaruzo mirefu yenye kina ya upande wa 400 achana nayo.

Mi sasa hivi nimerudi kununua shiti za kawaida, zile za inchi 9 kwa 11, inatoka diski moja, nakata mwenyewe kwa mkasi wa zamani, nasafisha sahani kwa spiriti, napuliza gundi, nasubiri ikauke kidogo ndo nabandika na kukandamiza kuanzia katikati kwenda nje. Inachukua dakika chache zaidi lakini najua ninachokizungusha mbele ya uso wangu.

Kwa ambao mmeshanunua, nawaomba sana msijaribu kuzimalizia kwenye grainda ya mkono kwa vile mnaona hasara. Ile ndogo inazunguka mara elfu kumi na zaidi kwa dakika, karatasi hizi hazijatengenezwa kwa kasi hiyo. Zikateni vipande mtumie kwa mkono kwenye mpini wa mbao, au zitupeni. Na hifadhini meseji zenu zote na picha za pakiti kabla hajawabloki, mi zangu za mwanzo nilifuta nikabaki sina cha kuonyesha wakati wa kudai.

Jina anabadilisha lakini picha habadilishi. Pakiti zimepangwa juu ya kitambaa cha kijani, pembeni kuna tepu ya kupimia ya njano, na pakiti ya juu kona yake imekunjika. Ukiiona picha hiyo, duka lolote, ni yeye.