Tiba ya usingizi imenisaidia, ila yule wa dirishani sijamsamehe

"Yule wa kukosa usingizi yuko wapi? Aje hapa!"

Ndivyo nilivyoitwa na mhudumu wa dirishani, benchi zima linasikia, kwenye kliniki ya afya ya akili ya hospitali moja hapa Dar. Faili langu alikuwa nalo mkononi, jina limeandikwa juu. Nikafika dirishani, akanipandisha na kunishusha: "Dada, mbona mzima tu? Punguza mawazo, utalala." Nyuma yangu watu wakacheka.

Mtu amekesha miezi na miezi, kila adhana ya alfajiri inamkuta macho makavu, halafu anaambiwa apunguze mawazo! Ningekuwa na uwezo huo ningepanda daladala mbili kuwafuata ninyi?

Daktari naye hakuinua kichwa. Diazepamu, haya, anayefuata. Dawa ya kutuliza na kuleta usingizi, ambayo haitakiwi kuzidi wiki chache kwa sababu mwili unaizoea! Nikagoma kutoka mpaka nimwone mwanasaikolojia.

Huyo kijana Mungu ambariki. Aliuliza kwanza: nakoroma? Nina kifafa? Naendesha gari? Akanipa karatasi ya kujaza kila asubuhi: nimepanda kitandani saa ngapi, usingizi umenichukua saa ngapi, nimeshtuka mara ngapi. Ikaonekana kitandani nakaa kwa muda wa saa tisa, nalala kama saa tano tu. Basi akanikatia muda wa kitandani ukaribiane na ule ninaolala: kupanda saa sita usiku, kuamka saa kumi na moja na nusu, hata Jumapili, hata kama sijapata lepe la usingizi. Usingizi ukigoma, toka, ukakae sebuleni mpaka macho yawe mazito. Simu kitandani hapana, kulala mchana hapana.

Nilimchukia. Wiki za mwanzo ni mateso, nilisinzia nimeshika mwiko, ugali ukaungua. Lakini usingizi ulianza kujikusanya, ukawa mmoja, wa kweli. Kila nilipolala karibu muda wote niliokuwa kitandani, akaniongezea robo saa. Aliniambia tangu 2016 chama cha madaktari bingwa wa magonjwa ya ndani cha Marekani kinashauri tiba hii itangulie kabla ya vidonge. Sasa kwetu kwa nini kidonge ndicho cha kwanza, na huyu kijana nimpate kwa kugombana?

Nilipanga kuandika "msiende". Siwezi, nitakuwa nawanyima wenzangu usingizi. Nendeni.

Ila juzijuzi nimefunga safari kwa ajili ya miadi, kufika, dirisha lilelile: "Hayupo, rudi mwezi ujao." Namba yangu wanayo, hakuna aliyepiga. Tiba hii muda wa kulala unarekebishwa wiki kwa wiki, mwezi mzima nijirekebishie mwenyewe? Hapo hasira zote zikarudi, na hapa ninapoandika bado zipo.

Mkienda, ombeni namba ya mwanasaikolojia mkiwa bado chumbani kwake. Dirishani msitegemee kitu.