Wino Mweupe wa Plastisoli kwa Fulana Nyeusi
Kwa miezi mitatu nimechapa fulana nyeusi za pamba kwa wino mweupe wa plastisoli, yaani wino wa plastiki, nilionunua katika duka moja la Barabara ya Nasser, mtaa unaojulikana na kila mchapaji wa Kampala. Wino huu ni mzito, wala hauzibi matundu ya wavu wa kuchapia hata kazi ikisimama saa nzima, kwa kuwa plastisoli haikauki kwa hewa kama wino wa maji, bali hukomaa kwa joto la takriban nyuzi 160 za Selsiasi. Kwa wavu wa 43T, yaani wenye nyuzi 43 kwa kila sentimita, mapigo mawili ya wino yaliyokaushwa kidogo kwa joto katikati yalitosha kuficha weusi wa kitambaa, jambo lililoushinda wino wangu wa zamani hata kwa mapigo manne. Ukiharakisha kuukomaza, hata hivyo, uso huonekana mkavu ilhali ndani ni mbichi, na chapa hupasuka baada ya kufuliwa. Nilirudishiwa fulana 12 za kwaya kabla sijajifunza. Muuzaji, mkarimu wa maneno kuliko wa risiti, hakunieleza hayo, na mkebe haukuwa na maelekezo yoyote. Nitaununua tena, ila safari hii nikiwa na kipimajoto mkononi.