Fulana ya kushikilia mpira wa kifuani, nzuri ila mfuko mdogo
Mwanangu ana miaka 4 yuko kwenye dawa za kansa, amewekewa ule mpira wa kifuani wa kupitishia dawa, unaoingia mwilini hadi karibu na moyo na ncha nyingine inaning'inia nje, na mtoto mwenyewe hatulii hata dakika. Mwanzo tulikuwa tunaubandika kwa plasta tu, ngozi ikawa nyekundu, usiku anauvuta, mimi silali. Hii fulana ina mfuko kwa ndani, unaukunja mpira kitanzi unauchomeka humo, haning'inizi kitu tena, na vifungo viko mbele kwa hiyo nesi anaufikia bila kumvua. Ila mfuko mdogo jamani, mpira wetu ni wa njia mbili, yaani una mikia miwili kwa nje, unabanana humo. Ikilowa badilisha hapohapo, nunueni hata tatu. Na bandeji ya pale mpira unapotokea kwenye ngozi inabaki palepale, fulana sio mbadala wake.