Siyo muvi niliyokuwa naitaka, ila nimeicheki mpaka mwisho

Niliambiwa jina la muvi, neno moja tu, nikaliandika kwenye apu ikaja posta yenye moto na helikopta, nikabonyeza. Kumbe zenye jina hilo ziko mbili na mi nimepewa ile ambayo hamna mtu anaiongelea. Na hii inatokea sana, maana kule Marekani jina la muvi halilindwi na hakimiliki, ndo maana kuna Heat ya 1986 ya Burt Reynolds na kuna Heat ya 1995 ya Al Pacino na Robert De Niro, ile inayosifiwa kila siku, na hadithi zake hazihusiani kabisa. The Avengers pia ipo ya 1998, majasusi wa Kiingereza, mtu anatafuta mashujaa wa 2012 akiangukia humo atashangaa sana. Cheki mwaka kwanza, na dairekta.

Haya, muvi yenyewe. Jasusi mstaafu, binti katekwa, masaa 24. Ushaielewa yote hapo.

Kilichoniudhi zaidi ni yule staa aliyejaza posta nzima. Humo ndani yupo ofisi ile ile, shati lile lile, kakaa anaongea na simu, hata sini moja hajasimama na steringi. Mchezo huu unajulikana, staa analipwa siku moja au mbili, wanashuti vipande vyake vyote afu wanavitawanya muvi nzima ili uone yupo mwanzo mwisho. Halafu bunduki! Moto wa kwenye mtutu umewekwa na kompyuta, ukiangalia vizuri maganda hayadondoki na mkono wa jamaa hautikisiki hata kidogo, yani kama anawasha tivii na rimoti.

Ngumi nazo zinakatwakatwa, mkono unarushwa, kata, uso, kata, mtu yuko chini, nani kampiga nani hujui.

Isipokuwa sini ya kwenye lifti. Hapo sijui nani alikuwa kazini siku hiyo, kamera imetulia, muziki umezimwa, watu wawili wanapigana na nafasi haitoshi hata kukunja kiwiko, steringi anavua mkanda anauzungusha mkononi, na wakimaliza anabaki kaegemea ukuta anahema huku mlango unajifunga na kujifungua kwenye mguu wa yule aliyelala. Nimeirudia. Sasa kama mnaweza kufanya hivyo, kwa nini hamjafanya muvi nzima?

Ingekuwa mbovu kabisa ningecheka, ila hii haichekeshi wala haitishi, na steringi hafi kwahiyo hata presha hupati.

Nyota mbili na nusu, nusu ni ya lifti. Ukiwa unapiga pasi na unataka kelele za pembeni, weka. Ukiwa umekaa rasmi kuangalia muvi, pita.