Lenzi ya kubana kwenye simu: hatimaye nimemjua buibui wa ukutani kwangu

Nimeinunua Kariakoo kwa shilingi 15,000 na sijutii hata kidogo. Jikoni kwangu, ukutani juu ya sinki, kuna buibui mdogo asiyefika sentimita moja. Hategi utando, humnyemelea nzi polepole kama paka, kisha humrukia. Kwa simu tupu alikuwa doa tu. Kwa lenzi hii nikaona macho mawili makubwa ya mbele yakinikodolea, mwili bapa wa kijivu, na mistari miwili myeusi pembezoni. Nikapandisha picha iNaturalist, mtandao wa kutambua viumbe kwa picha, nikapata jina lake la kisayansi: Menemerus bivittatus, jike. Kasoro ni kwamba picha hufifia kandokando, na lazima usogee karibu sana, naye huruka. Mpige picha asubuhi, dirisha wazi. Dawa msimpulizie jamani, hana madhara kwa mtu.